Wanne Waliobeba Godoro
Tafakari ya juma: Marko 2:1–12, Warumi 16:1–16

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Shirikisho la Kimataifa la MS (multiple sclerosis, ugonjwa wa mishipa ya fahamu), lililoanzishwa mwaka 1967, lina tuzo isiyokwenda kwa daktari wala mtafiti. Ni Tuzo ya Evelyn Nicholson, na hupewa mtu anayemuuguza mgonjwa wa MS. Najua wapo miongoni mwetu wasiopenda mambo ya tuzo. Si Bwana alisema mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume? Alisema, na nitalirudia neno hilo.

Katika MS, kinga ya mwili inageuka na kushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu ndani ya ubongo na uti wa mgongo. Huku karibu na ikweta ugonjwa huu haujaenea kama Ulaya, ndiyo maana wengi wetu hatuufahamu. Leo jicho moja linaona ukungu, kesho miguu imekufa ganzi, mwezi ujao mgonjwa anatembea vizuri hadi watu wanasema alikuwa anajifanya. Joto likizidi, hali inakuwa mbaya. Anayemtunza ndiye anayefunga vifungo vya shati vidole vya mwenzake vinapogoma, anayebadilisha shuka usiku wa manane, na asubuhi anamjibu shangazi anayeuliza mbona mgonjwa hakuja ibadani na juzi alionekana mzima.

Sylvia Lawry wa New York alikuwa na ndugu yake, Bernard, mwenye ugonjwa huu. Mwaka 1945 alitoa tangazo katika gazeti la New York Times akiuliza kama yupo mtu aliyepona. Barua zilikuja, nyingi kutoka kwa watu walioomba kwamba akipata jibu, awaambie na wao. Kutokana na barua hizo, mwaka 1946 kikazaliwa chama cha MS cha Marekani.

Sasa wale wanne wa Kapernaumu. Walitoboa dari ya watu (natamani Marko angetuambia nani aliiziba baadaye) wakateremsha godoro lenye mgonjwa aliyepooza mbele ya Yesu. Majina yao hatuna, lakini imeandikwa kwamba Yesu aliiona imani yao, wao waliobeba. Paulo naye, akiwaandikia Warumi, anataja watu mmoja mmoja: Fibi, Priska na Akila, Mariamu aliyejitaabisha sana, na mama yake Rufo, ambaye Paulo anamwita mama yake pia. Bila shaka huyo mama aliwahi kumtunza.

Neno la Mathayo 6 linamkataza mtoaji asijipigie baragumu. Halimkatazi aliyehudumiwa asishukuru, wala kanisa lisimtaje mtu. Sisi tumeligeuza kisingizio: wauguzaji wa nyumbani hatuwataji, ila mgeni rasmi wa harambee tunampigia makofi na vigelegele.

Hata hivyo, cheti hakimpi mtu usingizi. Kama yupo kanisani kwenu anayeuguza nyumbani, mtajeni Jumapili hii, kwa ruhusa yake na ya mgonjwa, kisha mumuulize ni siku gani angependa kutoka. Pangeni zamu. Na kabla ya zamu ya kwanza, kaeni naye awaonyeshe namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani na ya kumpoza kwa kitambaa chenye maji siku ya jua kali, msije mkamwongezea kazi.