Binti wa kwenye barieri

Nimejaribu kuandika juu ya mapacha wa mdogo wangu, maana wengi mmeuliza, lakini kila nikishika simu anayenijia ni yule binti wa peaje, pale kwenye barieri tunapolipia barabara. Basi nimtoe kichwani kwanza. Kyungu na Kabange wamefika salama, mama yao mzima, maziwa yapo. Mengine yatafuata.

Tulikuwa tunarudi Lubumbashi kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na mzigo wa unga. Mnaolijua gari letu mnajua usukani wake uko kulia, kama magari mengi ya Lubumbashi yanayotufikia kwa njia ya Dar es Salaam na Zambia, wakati Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Kwa hiyo kila barieri dirisha la mkata tike linaangukia kwangu mimi abiria. Baba watoto anashika usukani, mimi nashika pochi. Noti yangu ya kwanza binti aliirudisha, ina mpasuko mdogo pembeni, na wote tunajua dola yenye mpasuko hapa kwetu ni karatasi tu. Nikatafuta nyingine. Nilipokuwa natafuta ndipo nikauliza, wala si kwa hasira. Kilomita chache nyuma tulikuwa tumeingia shimo lililofanya magunia yaruke.

“Mama,” nikamwambia, maana huku kwetu hata binti mdogo unamwita mama ukitaka akusikilize, “hii pesa inaenda wapi?”

“Miye niko wa kukata tike tu. Uliza mwenye barabara.”

“Na mwenye barabara ni nani?”

Hakukasirika. Angekasirika ningelala usingizi wangu vizuri. Aliniangalia kwa huruma, kabisa kabisa kwa huruma, akasema:

“Weye mwenye kulipa haujue, mama, miye nitajua namna gani?”

Akanipa tike, mti ukapanda, lori la nyuma likapiga honi. Baba watoto alicheka mpaka tukakaribia kuingia mjini.

Tangu siku hiyo kabini ya umeme ya mtaa imeungua tena, tumemzika mwalimu wa zamani wa watoto, bei ya unga imepanda ikashuka, na mimi bado niko pale dirishani. Depo napima unga, namjibu. Naosha vyombo, namjibu. Usiku mmoja nilimjibu vizuri sana, nikamwambia mwenye barabara ni raia, ni wewe na mimi. Lakini kichwani mwangu yule binti ana mdomo kuliko mimi. Akaniuliza: basi kwa nini unalipa kupita kwako?

Kwa sheria jibu si gumu. Barabara ya taifa ni mali ya Serikali hata kama kampuni ndiyo inayokusanya pesa. Kampuni inachopewa ni haki ya kutoza kwa miaka fulani pamoja na kazi ya kutunza lami. Hayo nayaelewa. Kinachonikera ni hesabu. Mwaka 2008 ilitoka sheria ya kuunda FONER, mfuko wa kutunza barabara, unaolishwa na pesa tunayokatwa kwenye bei ya mafuta na pia pesa za peaje. Mwaka huo huo nchi ikafunga mkataba na Wachina: wao wapate shaba na kobalti ya huku kwetu kupitia Sicomines, kampuni ya madini ya ubia kati yao na sisi, na sisi tupate barabara, hospitali na mengineyo. Mwaka 2023 IGF, wakaguzi wa fedha za Serikali, walisema kwamba katika dola bilioni 3 zilizoahidiwa kwa kazi hizo, zilizokuwa zimetoka ni milioni 822 tu. Mwaka uliofuata mkataba ukarekebishwa, ahadi ikapanda hadi bilioni 7. Sasa nihesabu na nani? Shaba imetoka ardhini kwetu kulipia barabara za nchi, kwenye pampu ya mafuta nimelipa, kwenye barieri nimelipa, halafu anayekata tike ananionea huruma.

Nilimpelekea maneno haya mpwa wangu, yule anayesoma sheria pale UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, mwenye suti ambayo mlinicheka nayo mwaka jana. Yeye hana shaka na kitu chochote, ni umri.

“Tantini,” akasema, “Serikali ikishika barabara, mashimo. Kampuni ikishika, lami. Chagua.”

Akanionyesha picha za ile barabara ya juu ya Nairobi, kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands, iliyojengwa na kampuni ya Kichina ya CRBC na kufunguliwa mwaka 2022, na kampuni itakusanya pesa mpaka mkataba wake wa miaka 27 uishe. Nzuri, sikatai. Lakini mdogo wetu anayeishi Nairobi aliwahi kunieleza kwamba chini yake Mombasa Road iko pale pale, bure. Mwenye haraka anapanda juu na kulipa, mwenye shida anabaki chini na foleni yake. Uingereza nao wana M6 Toll ya kampuni, iliyofunguliwa 2003, na M6 ya zamani pembeni haitozwi kitu. Kutoka Kasumbalesa mpaka mjini, kilomita kama 90, mimi chini yangu kuna nini? Porini kwa baiskeli? Pale mteja hachagui kitu. Kampuni ikishika njia ambayo ni moja tu, inachokusanya ni kodi, na kodi tunamdai mtu tuliyempigia kura. Hilo ndilo nililomwambia, na nilijisikia nimesema vizuri.

Nikaongeza daraja la Morandi, kule Genoa. Agosti 2018 lilianguka na watu 43 wakafa, na barabara ilikuwa mikononi mwa kampuni binafsi. Mwaka 2022 benki ya Serikali ya Italia, pamoja na mifuko ya wawekezaji, ikainunua ile kampuni kwa mabilioni ya euro. Yaani wameuza, wamezika, wamenunua.

Alinisikiliza mpaka mwisho (hilo nampongeza), halafu akanipiga na Johannesburg. Barabara za Gauteng, jimbo lenye Johannesburg, ni za SANRAL, shirika la Serikali lenyewe. Zikawekewa mitambo ya kutoza Desemba 2013, watu kwa wingi wakakataa kulipa, deni likapanda, na Aprili 2024 mitambo ikazimwa. “Ilikuwa ya Serikali, Tantini. Na bado hawakutaka.” Akavaa koti la suti yake, akaondoka. Mimi nikarudi dirishani kwa binti wangu.

Jumapili nikapeleka unga kwa Baba Mkubwa, Makomeno. Nilikwenda nimenuna. Yeye, mnamjua, maisha yake yote ni treni, na nilitaka anisaidie kukasirika. Nikamsimulia neno kwa neno, hata sauti ya binti nikaiga. Baba Mkubwa alicheka mpaka Mama Mkubwa akatoka jikoni kuona kama anakohoa.

“Huyo mtoto ana akili,” akasema. “Miye nilikata tike za treni mpaka mvi zikatoka. Hakuna abiria aliyeniuliza treni ni ya nani. Wangeniuliza ningewaambia nini?”

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Reli imefika mji huu mwaka 1910, ikitokea kusini, imeletwa na makampuni ili shaba itoke, sisi watu tulipandia humo humo. Baba yake alifanya kazi BCK, kampuni ya reli. Mwaka 1974 ikazaliwa SNCC, shirika la reli la Serikali. Mwaka 1995 wakaja Waafrika Kusini na Wabelgiji na Sizarail, kampuni tena. Mwaka 1997 AFDL, waasi wa Kabila, walipofika wakaichukua, wakasema ni ya taifa.

“Na Baba Mkubwa, wakati gani ulikuwa mzuri?”

Nilimwona anataka kunijibu, halafu akaacha. Akasema waliposikia ni ya taifa walipiga makofi pale gare, kituo cha treni, yeye akiwemo. Na miaka miwili kabla, waliposikia imechukuliwa na Waafrika Kusini, walipiga makofi pia. “Mkataba wa kuwapa hatukuonyeshwa. Barua ya kuwanyang’anya hatukuonyeshwa. Lakini makofi, mama, tulipiga yote mawili vizuri.”

Hapo ndipo nilipocheka, mara ya kwanza tangu siku ile ya peaje. Nilicheka nikashika ukuta. Na nilivyokuwa nacheka nikaanza kumpenda yule binti. Labda hata mkataba wake wa kazi hajauona. Anakaa mule ndani mchana kutwa, vumbi la malori na moshi wake vinampitia usoni, watu kama mimi wanamwinamia na maswali ambayo waziri ndiye angepaswa kuyajibu, na yeye anajibu kweli tupu. Wengine wangesema “Mama sogea.” Yeye alinipa jibu lililonishughulisha wiki nzima.

Kwa hiyo msimamo wangu, kwa wale watakaoniuliza kama mpwa amenigeuza: hajanigeuza. Barabara ya Kasumbalesa iwe ya Serikali na ibaki ya Serikali. Anayekusanya sina ugomvi naye, awe kampuni, awe shangazi yangu, mradi pale kwenye barieri kuwe na kibao kikubwa kinachosomeka kutoka garini: nani amekabidhiwa, mpaka mwaka gani, mwezi uliopita ameingiza kiasi gani, na namba ya simu ya mtu wa mashimo. Mwenye kiwanda anayeniuzia unga upande wa Zambia analalamikia barabara ya Lusaka mpaka Ndola, ambayo mwaka 2023 serikali yao iliikabidhi kwa muungano wa makampuni ya Kichina kwa miaka 25. Analalamika sana. Lakini miaka ya kulalamika anaijua idadi. Mimi tike yangu nimeigeuza mbele na nyuma: tarehe, saa, aina ya gari, kiasi. Basi. Iko hapa kwenye droo ya depo pamoja na wenzake, na safari ijayo nitampelekea binti matomoko, yameanza kuiva.

Nilikuwa nimalizie kwa mapacha, ila kuna jambo lingine linaninyima raha tangu asubuhi. Upande wa pili wa ukuta nasikia sururu. Jirani mpya, yule aliyenunua kiwanja cha marehemu fundi, anachimba fosi, shimo la choo, na nikipanda juu ya kiti naliona shimo lenyewe: liko karibu mno na kisima chetu. Mvua zikianza maji ya chini yanapanda, na watoto wa nyumba hii wote wanakunywa hapo. Baba watoto anasema tusianze ugomvi na mtu ambaye hata chai hatujamkaribisha. Mimi nasema chai akinywa itakuwa ya maji gani? Mnaojua umbali unaotakiwa kati ya fosi na kisima, na ofisi ya komini inayoshughulika na mambo haya, niandikieni upesi, maana kesho wanamwaga beto, yaani zege.