Siku moja maishani mwangu: mratibu wa utafiti, Bonde la Yaeda

Watu wakisikia nafanya utafiti kwa Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wachimba mizizi wa kaskazini mwa Tanzania, wanadhani nashinda porini nikipiga picha na wenye pinde. Dada yangu aliyeko Arusha anaamini kabisa nalipwa kutalii. Nimeamua kuandika siku moja ya wiki iliyopita kama ilivyokwenda, ili mjue mtu akisema "tulipata ridhaa ya jamii", nyuma ya maneno hayo kunatakiwa kuwe na kazi gani.

Saa 11 alfajiri. Mbulu mjini kuna baridi ya kuuma vidole. Chai ya rangi, kisha nakagua begi: kibali cha COSTECH (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia), cheti cha maadili kutoka NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), barua ya mkoa, barua ya wilaya, fomu za ridhaa, kidau cha wino wa dole gumba, chupa za kuwekea mate. Karatasi hizo zilitusumbua kwa miezi. Watafiti wengi wakishazishika mkononi huona suala la maadili limekwisha. Kwangu mimi ndiyo kwanza linaanza.

Saa 12 tunaondoka. Kiangazi barabara ya kushuka bondeni ni vumbi tu. Masika ni tope jeusi, na gari likizama mnalala nalo.

Saa 2 na nusu tuko ofisi ya kijiji. Kitabu cha wageni, mtendaji, ada ya kijiji, stakabadhi. Mwenyekiti anagonga muhuri.

Saa 4 kambini. Mwenzangu Mhadzabe, dada aliyemaliza kidato cha nne na ambaye ndiye anayeeleza kila kitu kwa Kihadzabe, anatangulia na salamu, "Mtana!" Analipwa posho ileile ninayolipwa mimi, imo kwenye mkataba. Wanaume kadhaa wameshaondoka kufuata asali, na baadhi ya akina mama wameenda kuchimba mizizi. Tuliwakuta wazee, vijana wachache na watoto wengi chini ya mbuyu.

Hatuanzi na chupa. Tunaanza na majibu ya msimu uliopita: tulipima presha, kwa hiyo leo tumeleta michoro mikubwa inayoonyesha tulichokuta, na kila aliyepimwa anaambiwa ya kwake pembeni, siyo mbele za watu. Halafu tunagawa chumvi na misumari, ambayo wanaifua kuwa vichwa vya mishale. Mgawo ni wa kambi nzima na unatoka kabla ya mtu yeyote kuulizwa swali la utafiti. Anayekubali na anayekataa wanapata sawa. Tulipatana hivyo nao tangu mwanzo, maana sitaki mtu auze mate yake kwa njaa ya chumvi.

Ndipo nikaanza kusoma fomu, aya kwa aya, mwenzangu akieleza. Na hapo ndipo siku ilipokaa.

Bibi mmoja alikuwa anaponda ubuyu kwa jiwe, unga mweupe umempanda mpaka kwenye kiwiko. Hakuacha kuponda alipouliza.

"Mwanangu, waliokuja kabla yenu walichukua mate. Walichukua na mavi. Yako wapi?"

"Bibi, wale sikuwa nao, siwezi kuwajibia. Haya ya kwetu nitakwambia yanakwenda wapi."

Swali lake ni la haki kabisa. Mwaka 2012 dunia ilisoma kwamba Mhadzabe, pamoja na kutembea kote kule, kwa siku anachoma nishati karibu sawa na mtu wa mjini Marekani. Mwaka 2014 ikasoma habari za bakteria wa matumbo yao, zikawa gumzo hadi kwa wauza vyakula. Bibi hakuwa amesikia hata moja. Nikamweleza hizo habari, akacheka kwa hiyo ya kwanza, kisha akarudi kwenye swali lake. Yatawekwa kwenye friza gani? Nani ana ufunguo? Anaweza kuyapa mtu mwingine? Nikifa je?

Nilijibu moja baada ya jingine. Hapo kwenye "kumpa mtu mwingine" nikawasimulia Wahavasupai, wenyeji wa asili wanaoishi ndani ya Grand Canyon huko Marekani. Kuanzia mwaka 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walichukua damu yao kwa ajili ya utafiti wa kisukari. Damu ileile ikaja kutumika kuchunguza ugonjwa wa akili na asili ya kabila lao, mambo ambayo wenyewe walisema hawakuyakubali. Mwaka 2010 yakaisha kwa chuo kukubali kulipa dola 700,000 na damu iliyobaki kurudishwa kwa wenyewe. Wazee walisikiliza kimya. Mmoja akauliza ile damu waliifanya nini iliporudi. Nikasema waliipokea kwa maombi.

Mgeni wetu, mtafiti kutoka nje, alikuwa anaangalia saa. Ndege yake ilikuwa Ijumaa. Akanisogelea, akaninong'oneza: kwa nini tusimwombe yule mzee akubali kwa niaba ya wote? Nilimjibu taratibu, kwa sababu si wa kwanza kuniuliza. Wahadzabe hawana chifu. Yule mzee anaheshimiwa, lakini hawezi kumkubalia hata mdogo wake, na yeye mwenyewe angeshangaa kuombwa. Muhuri wa mwenyekiti unaturuhusu kuingia kijijini, hauturuhusu kuingia mdomoni mwa mtu.

Akakaa. Baada ya muda akainuka tena. Watu hawa wanaelewa kweli fomu ndefu hivi? Hapo damu ilinichemka. Hawa ndio waliopata hati ya kimila ya pamoja ya ardhi yao mwaka 2011, wanauza hewa ukaa ya msitu wao kwa mkataba, na kwenye mkutano wa mapato wanajua kila shilingi ilipopita. Mkataba si kitu kigeni kwao.

Jua lilihama, tukahama na kivuli. Nilirudia kueleza aya ya kujitoa kwa waliochelewa kufika, halafu kwa kijana aliyerudi na asali, halafu kwa mkewe. Koo lilikauka. Sikumbuki tulikula saa ngapi. Kijana mmoja aliyesikiliza tangu asubuhi akasema tu, "Mimi sitaki." Mgeni akataka nimuulize tena, labda hakuelewa. Nikamwambia hapana. Kumuuliza mtu mara ya pili baada ya kukataa ni kumbembeleza, na mbele ya wageni wenye gari kubembeleza kunageuka kulazimisha. Jina la kijana halikuandikwa popote. Alibaki nasi, akatusaidia kushikilia michoro isipeperuke.

Waliokubali waliweka dole gumba, kila mmoja na shahidi aliyemchagua mwenyewe. Kwa wale walioruhusu mate yao yahifadhiwe baada ya mradi kuisha nilitia alama, kwa wasioruhusu nikaandika yateketezwe. Bibi alikuwa ameshamaliza ubuyu wake. Akasema yeye atajibu binti yake akisharudi kutoka kuchimba mizizi, kwa kuwa akifa ni binti huyo atakayeulizwa. Nikamwambia tutarudi.

Kwenye gari hakuna aliyezungumza. Mgongo unauma, vumbi limeganda kwenye kope. Mwaka 2017 Wasan wa Afrika Kusini, nao jamii ya asili ya wawindaji, walitoa kanuni zao wenyewe za maadili kwa yeyote anayetaka kuwatafiti, na wametaja heshima, uaminifu, haki na kujali. Nakala yake imo kwenye jalada letu na humwomba kila mgeni aisome kabla ya kushuka bondeni. Huyu hakuisoma. Usiku ule alikaa nayo.

Wakati wa chakula aliuliza kama kesho tunaweza kufanya kambi mbili. Nikasema kesho tunarudi palepale, saa 10 jioni, wachimbaji wakisharudi. Dawa iliyomo kwenye chupa inahifadhi mate bila barafu, kwa hiyo hakuna kinachoharibika kwa kusubiri. Akabadilisha tiketi.

Niliingiza takwimu saa 4 usiku. Fomu ya mfadhili ina safu ya waliokubali na ya waliokataa, ya wanaosubiri haina. Nilimwandika Bibi pembeni kwa kalamu, na barua pepe ya kuomba safu ya tatu iongezwe nimeshaituma.