Kuunganisha S-AFC kwenye Subaru Forester yenye turbo

S-AFC ni kifaa kinachorekebisha ishara ya kihisi kinachopima hewa inayoingia kwenye injini, kabla haijafika kwenye kompyuta. Kabla sijakata waya hata mmoja, nilitenganisha betri, nikafunua zulia la upande wa abiria, ambako kompyuta ya injini ya Forester yangu imefichwa, kisha nikalinganisha kila waya na mchoro wa gari lenyewe, kwa sababu rangi hubadilika kati ya toleo moja na jingine na kuziamini peke yake ni hatari.

Kifaa cha Apexi S-AFC hupokea umeme, mzunguko wa injini na nafasi ya mlango wa hewa (throttle, unaofunguka ukikanyaga mafuta) kwa nyaya zinazodandia tu zile za asili. Waya unaokatwa ni mmoja: ule wa kihisi cha hewa. Volti zake huingia kwenye kifaa, hurekebishwa, kisha huendelea hadi kwenye kompyuta, ambayo huamini kiasi hicho cha hewa na kupima petroli kulingana nacho.

Hapa ndipo ninapowasihi wenzangu wawe waangalifu. Ukipunguza ishara hiyo ili kupunguza petroli, kompyuta hudhani injini haina mzigo mkubwa, hivyo huwahisha cheche, na injini yenye turbo inaweza kuanza kugonga (mchanganyiko kuwaka wenyewe kwa mlipuko ndani ya silinda) hadi pistoni zikavunjika. Mimi sirekebishi chochote bila kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli.

Waya hasi niliuunga kwenye hasi ya kompyuta yenyewe, si kwenye bodi, ili volti zisipishane, na viungo vyote nikavilehemu kwa risasi.