Sarandibu barazani

Nilikuwa kidato cha tatu, Lamu, mwalimu wetu wa Kiingereza alipoandika ubaoni neno serendipity na kutuagiza kila mmoja aje asubuhi na sentensi ya kulitumia. Kamusi ilisema ni kupata jambo jema bila ya kulitafuta, na kwa maana hiyo nusu ya darasa ilikuwa imekwisha kuokota noti ya shilingi mia njiani kabla hata kengele ya kutoka haijalia. Mimi sikuridhika. Hiyo sisi twaiita bahati, na Waingereza nao wana neno lao fupi la bahati; kwa nini basi wajitaabishe kuunda jingine lenye silabi tano?

Baada ya sala ya Magharibi nililipeleka swali barazani kwa mjomba, ambaye kazi yake ilikuwa kuchukuza mawe na mchanga kwa punda, na ambaye Kiingereza chake hakikuzidi salamu za watalii. Nilimsomea maelezo niliyoyanakili maktabani: kwamba neno hili lilibuniwa na Mwingereza Horace Walpole katika barua ya tarehe 28 Januari 1754, aliyompelekea Horace Mann, mwakilishi wa Uingereza huko Florence, na kwamba alilitoa katika hadithi ya wana watatu wa mfalme wa Serendip.

"Sema Sarandibu, mwanangu," mjomba akanikatiza. "Si ndiko alikoteremkia Nabii Adamu? Chuoni mwafundishwa nini siku hizi?"

Ndiko hasa, Sri Lanka ya leo. Jina ambalo Walpole alilipata katika hadithi yenye asili ya Kiajemi, iliyochapishwa kwa Kiitaliano mjini Venice mwaka 1557, mjomba alikuwa nalo tangu utotoni bila ya kupitia Ulaya.

Kilichomshika zaidi, hata hivyo, ni kisa cha ngamia. Wale wana wa mfalme waliona majani ya kando ya njia yameliwa upande mmoja tu, ilhali ya upande wa pili ndiyo yaliyostawi, wakajua kwamba ngamia aliyepita hapo ana chongo. Walpole, katika barua yake, alimgeuza ngamia kuwa nyumbu. "Yote mamoja," alisema mjomba, akalifumba jicho la kushoto kwa kiganja, akaipinda shingo kuume na kutafuna hewa, hata wazee wa baraza wakacheka. "Mnyama chongo hula upande anaouona."

Hapo ndipo nilipoielewa barua, kwa kuwa Walpole alitaja mambo mawili pamoja, sadfa na welekevu, na wengi hulichukua la kwanza wakaliacha la pili. Majani yaliyoliwa huonwa na kila mpita njia. Alexander Fleming aliporudi likizoni mwaka 1928 alikuta ukungu umeota katika kisahani cha bakteria; mwingine angekiosha, yeye akatazama kwa nini bakteria walio karibu na ukungu wamekufa, na penisilini ikaanzia hapo. Leo neno lenyewe hubandikwa kwenye maduka ya nguo na nyumba za wageni, na Waingereza wengi hulitumia kwa kukutana tu na rafiki sokoni. Lugha ni ya wasemaji, sina ugomvi nao, ila naona wameiuza nusu iliyo bora.

Sentensi yangu ilimhusu mjomba mwenyewe, ambaye wakati mmoja, akimtafuta punda aliyepotea nyuma ya matuta ya mchanga ya Shela, aliona mahali palipoparwa kwa kwato, akagusa mchanga akauona una unyevu, akachimba na kupata maji matamu. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa, akatia alama ya vyema, kisha akauliza kama punda alipatikana. Nikamjibu kwamba alipatikana Kipungani, amefungwa kwa kosa la kula mihogo ya watu.