Pampu Isiyokimbia

Jana usiku nilikwama kwenye sentensi ya maneno manne. Nilikuwa natafsiri karatasi ya maelekezo ya pampu ya maji, na aliyenipa kazi alikuwa ameshaipitisha kwenye programu ya kutafsiri, eti anirahisishie. "Do not run dry" ikatoka hivi: "Usikimbie ukiwa mkavu."

Nilicheka peke yangu hadi mtoto wa kaka yangu akaja kuchungulia. "Shangazi, kuna nini?" Nikamsomea. Akafikiri kidogo: "Kwa hiyo ukilowa, ruksa?"

Sitailaumu programu sana. Neno lenyewe, run, halitulii. Mwenye duka analiendesha, anayetaka ubunge anagombea, sukari inaisha, mto unatiririka, pua inatoa kamasi, kanga mpya inachuja (ndiyo maana mama alikuwa akiiloweka kwanza kwenye maji ya chumvi). Kwa Mwingereza yote hayo ni run. Katika toleo la kwanza la kamusi kubwa ya Oxford, lililokamilika 1928, neno lililochukua kurasa nyingi kuliko yote lilikuwa set. Katika maandalizi ya toleo la tatu, mhariri Peter Gilliver aliishughulikia run kwa miezi tisa, na kitenzi hicho kikafikisha maana 645. Miezi tisa! Mimba nzima, kwa neno la herufi tatu.

Kimbia yetu haifiki huko. Hiyo ni ya miguu, tena mara nyingi ina hofu ndani yake. Humo ndimo walimotoka mkimbizi na kimbilio. Ila kwa mbio zenyewe hatukunyimwa: tunatimua mbio, tunatoka nduki, na mambo yakiwa mabaya zaidi tunakula kona.

Nisijitape lakini. Niliwahi kumfundisha Kiswahili Mjerumani mmoja, akataka kujua kwa nini tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga deki na hata kura tunaipiga. "Mpaka picha," akasema, "mnampiga mtu ambaye hajawakosea." Nilikosa jibu, nikampigia makofi.

Mwishowe kwenye karatasi niliandika: "Usiwashe pampu ikiwa haina maji." Asubuhi mteja akajibu kwa ujumbe mfupi: mbona yako ni ndefu kuliko ya Kiingereza?