Jinsi nilivyowamaliza bungua katika vyombo vya mahame yetu

Vyombo ambavyo familia yetu ilihama navyo mwaka 1974, kijiji cha babu huko Sikonge kilipobaki mahame baada ya wakazi kupelekwa katika kijiji cha ujamaa, vilianza mwaka jana kuliwa na bungua, wadudu watoboao mti, na kumwaga unga laini mithili ya unga wa muhogo: kwanza mpini wa jembe, kisha mchi, mwishowe mwiko wa bibi.

Nilipaka mafuta ya taa, nikaambulia madoa na harufu. Nilianika juani, mchi ukapasuka.

Kilichofaa ni baridi. Nilizungushia kila chombo kitambaa cha pamba, nikakitia katika mfuko wa plastiki, nikakamua hewa na kuuziba kwa selotepu, kisha nikaomba nafasi kwa wiki mbili katika jokofu la jirani muuza samaki (aliyecheka sana), ambalo hufikia nyuzi 20 chini ya sifuri.

Awamu ya kwanza nilifungua mfuko mara tu ulipotoka. Mpini ukalowa kana kwamba umenyeshewa, na jembe likashika kutu kwenye shingo. Awamu ya pili niliiacha mifuko ikiwa imezibwa kwa siku nzima, hadi ikapata joto la chumba, na umande wote ukajikusanya nje ya plastiki badala ya kwenye mti na chuma.

Sasa kila chombo kimelazwa juu ya karatasi nyeusi, ambayo huonyesha hata chembe moja ya unga. Huu ni mwezi wa nne tangu hapo, na karatasi zote ni safi.