Mama Mkwe Amefunga

Mchagga akikosa kwenda nyumbani Desemba, watu huuliza kama amefilisika au amegombana na baba yake. Mimi nilikosa miaka kadhaa mfululizo. Nilikuwa Addis Ababa, mhasibu katika ofisi moja ya kimataifa. Huko nikaolewa, huko nikamzaa binti yetu. Kisha kazi za mume wangu, ambaye ni mhandisi wa barabara, zikatupeleka Gaborone, alikozaliwa mdogo wa binti yetu, wa kiume, na baadaye Nairobi. Kila tulipohamia tulianza upya kutafuta shule, daktari wa watoto na muuza mboga anayekubali kukopesha. Tulipofika Nairobi nikamwambia mume wangu kwamba visingizio vimekwisha, maana kutoka pale hadi kwetu Marangu ni safari ya gari ya siku moja.

Hakubisha. Mume wangu ni Mgurage, na Wagurage ndio Wachagga wa Ethiopia, au sisi ndio Wagurage wa Tanzania, inategemea nani anasimulia. Wamejaa kwenye biashara za Addis, hasa soko la Merkato, na wanasimangwa kwa kupenda hela kama tunavyosimangwa sisi. Mwezi wa tisa, sikukuu ya Meskel ikikaribia, hufunga maduka na kujazana kwenye mabasi kurudi vijijini kwao, kila mtu na mzigo wa mama yake. Siku nilipomweleza habari za Desemba ya Uchagga, enzi za uchumba, hakuhitaji mhadhara. Aliuliza tu, "Mnachinja ng'ombe au mbuzi?"

Aliyeleta jambo zima ni baba yangu. Katikati ya mwaka 2013 alinipigia simu akasema, bila salamu ndefu, "Nina mkwe huko Ethiopia sijawahi kumwona uso. Desemba mleteni." Alimaanisha mama wa mume wangu.

Nilitamani na niliogopa. Nyumbani kwetu mimi na mume wangu tulikuwa walinzi wa mpaka. Tulikuwa na Krismasi mbili, mwaka mpya mara mbili (wa kwao huanguka Septemba), Kiamhari kwa baba, Kiswahili kwa mama, na Kiingereza watoto wakitaka kugombana wenyewe kwa wenyewe. Kila jambo la upande mmoja lilipita mikononi mwetu kabla ya kufika upande wa pili, na njiani tulilipunguza makali. Mama yangu akisema watoto wamekonda, mume wangu aliambiwa kwamba bibi anawasalimia. Sasa wazee wenyewe walikuwa wanakwenda kukutana ana kwa ana, chini ya paa moja, na watoto ambao Nairobi ilikwisha kuwafundisha sheng.

Kwa hiyo safari yote hadi Namanga ilikuwa darasa. "Babu akikuuliza habari, hujibu 'poa'. Ukimwona mtu mzima, unaanza wewe. Unasemaje?" "Shikamoo!" Pale mpakani mimi nilikuwa na pasipoti ya Tanzania, wenzangu watatu za Ethiopia. Nchi zote mbili hazimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa pili, kwa hiyo siku moja wanangu watalazimika kuchagua, lakini hilo tuliliacha lisubiri. Afisa alimtazama binti yangu, akatazama pasipoti, akacheka. "Huyu sura ya Kilimanjaro kabisa. Imekuwaje akawa mgeni?" Binti akajibu kwa sauti ya gwaride, "Shikamoo!" Tukapita.

Mama mkwe alitua KIA kwa ndege ya moja kwa moja kutoka Addis, shuka jeupe la netela mabegani, mkononi kakumbatia furushi ambalo hakukubali mtu amsaidie kubeba. Ndani mlikuwa na jebena, birika lao la udongo la kahawa, limeviringishwa kwenye fulana za marehemu mumewe. Begi kubwa lilikuwa na unga wa shiro, pilipili ya berbere na mikate yao ya injera iliyokaushwa ikawa kama makapi. Alikuwa amejiandaa kama mtu anayekwenda jangwani.

Baada ya Himo gari lilipoanza kupanda, akanyamaza. Migomba ilikuwa imetuzunguka kulia na kushoto, na yeye alikuwa ameng'ang'ania dirisha. Kisha akasema neno moja na kumshika mwanawe bega. Alidhani ni enset. Kwao Gurage kuna mmea huo, ukiuona utaapa ni mgomba, ila hauna ndizi za kula. Chakula chake ni shina lenyewe na kiazi cha chini. Wanawake hukwangua shina, wakafukia ile nyama yake shimoni hadi ichachuke, ndipo huoka mkate uitwao kocho. Mama mkwe alikua akifanya kazi hiyo tangu utotoni, kabla hajahamia mjini.

Kesho yake asubuhi alitoka uani akamkuta mama yangu na panga, anakatakata shina la mgomba na kumtupia ng'ombe wa ndani. Alishika kichwa. Binti yangu, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja na kiherehere cha kutosha, akatafsiri: "Emama anasema, chakula chote unampa ng'ombe, halafu watu mnakula matunda?" Mama yangu alimtazama mkwe wake, akatazama shina, akaanza kucheka hadi akakaa chini. Mama mkwe naye akavua netela, akaomba kisu, akaanza kukwangua lile shina kuonyesha. Bila shaka halikutoka kitu cha maana, mgomba si enset. Lakini walishinda pale nusu ya asubuhi, na mimi niliyekuja mbio kuzuia ugomvi nikatumwa kuchota maji.

Shida ilikuwa mfungo. Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga kabla ya Krismasi kuanzia mwishoni mwa Novemba: hakuna nyama, hakuna maziwa, hakuna siagi wala mayai. Na Krismasi yao ni tarehe 7 Januari. Nilikuwa nimelieleza hilo kwenye simu, lakini mama yangu alidhani ni kama Kwaresima ya Wakatoliki wa Kilema, jambo ambalo mgeni anaweza kusamehewa. Mama mkwe hakutaka kusamehewa. Alikataa chai ya maziwa. Alikataa mtori. Hakutia kitu mdomoni hadi saa tisa alasiri. Mama alinivuta jikoni: "Tumemkosea nini?"

Tarehe 25 ukoo wote ulikuwepo. Kaka zangu kutoka Dar, shangazi kutoka Arusha, watoto wasiojuana majina wakikimbizana vihambani. Tulirudi kutoka usharikani, moto ukawashwa, na mzee jirani yetu, Mwislamu, akaitwa kuchinja kama miaka yote, ili kila mtu aweze kula. Mbuzi wa kwanza alikuwa wa mkwe. Nyama ilipoiva, kipande cha heshima kikapelekwa mbele ya mama mkwe kwenye sinia, baba akiwa amesimama. Mama mkwe akainuka naye, akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, akakataa.

Watu wakanyamaza. Shangazi yangu hajawahi kunong'ona maishani: "Kwa hiyo amepanda ndege kuja kukataa nyama yetu?"

Mama mkwe akamgeukia binti yangu kuuliza amesema nini. Nilimsikia mwanangu, kwa Kiamhari safi, uso mkavu: "Anasema pole na safari." Sikumfundisha mimi. Alikuwa amekaa mezani kwetu miaka yote akitutazama.

Mume wangu akaanza kueleza. Akaanzia kwenye kalenda yao yenye miezi kumi na mitatu, akaingia kwenye Kanisa la Aleksandria, na nyama inapoa. Baba alimsikiliza kwa adabu ya mkwe, kisha akamkata kwa swali moja: "Anafungua lini?"

"Tarehe saba Januari, baba."

"Basi yule mbuzi mwingine aendelee kula majani. Mkwe hajakataa, amesema bado." Akageuka kwa shangazi. "Leteni mbege."

Mbege ni ndizi na ulezi, hakuna mnyama ndani. Mama mkwe alionja, akatazama juu kidogo kama mtu anayekumbuka anwani, akamaliza kikombe. Alimwambia mjukuu wake kwamba inafanana na tella, pombe ya kwao, ila hii imezidi utamu. Shangazi alipotafsiriwa hilo, safari hii kwa ukweli, akamwongeza.

Kuanzia hapo mama yangu alichukua uongozi. Kila siku alipika kiburu, ndizi kwa maharage na magadi, kikatengwa mezani saa tisa kamili. Wala saa haikuhitaji maelezo, kwani Waethiopia huhesabu saa kuanzia alfajiri kama sisi. Ikiwa saa tisa Marangu, ni saa tisa Addis. Mama alinyoosha vidole tisa, mkwe akaitikia kwa kichwa, ikawa imeisha.

Kilichonishangaza zaidi ni kahawa. Nyumbani kwetu kahawa ni ada ya shule. Mimi nimesomeshwa na kahawa, kaka zangu pia. Baba huichuma, huimenya, huianika, huipeleka chama, na KNCU, muungano wa vyama vya ushirika, wanaendelea nayo. Kunywa, tunakunywa chai. Mama mkwe alipoona magunia ya kahawa ya maganda stoo aliuliza kwa nini hakuna aliyempikia. Akajibiwa kwamba ipo ya kopo dukani. Nadhani hilo lilimuuma kuliko yale mashina aliyopewa ng'ombe.

Akachota bakuli moja, akaikoboa kwenye kinu, akaipepeta, akaiosha, akaikaanga juu ya mkaa hadi ikawa nyeusi na kung'aa. Kabla ya kuitwanga alizunguka na kikaango kinachofuka moshi, akampitishia kila mtu puani. Harufu ilivuka uzio, majirani wakaja kuuliza kunani. Watoto walikaangiwa bisi. Baba alipewa kikombe kidogo, akanywa, akakaa kimya, akanywa tena.

"Miaka yote hii," alisema, "nalima, Mzungu anakunywa."

Mume wangu akaona pa kujitapa. Akaeleza kwamba kahawa hii asili yake ni misitu ya Ethiopia, na huku Kilimanjaro imeletwa baadaye sana na wamisionari. Baba akamwuliza, "Sasa mbona hamkutuletea na birika?" Alipotaka kuondoka baada ya kikombe cha pili, mama mkwe alimshika mkono wa koti. Vikombe ni vitatu: abol, tona na baraka, na mtu haondoki kabla ya baraka. Baba yangu, ambaye sijawahi kuona mtu akimzuia kuondoka mahali, akakaa.

Januari ilipoanza ilibidi turudi Nairobi kazini. Ndege ya mama mkwe ilikuwa baada ya sikukuu yake. Mpango wetu ulikuwa binti abaki awe mkalimani wao, achelewe shule kidogo. Mama yangu akakataa. "Mtoto akasome. Sisi tutaelewana." Mume wangu aliendesha hadi Arusha bila kuongea, kisha akasema, "Tumewaacha kweli?"

Tarehe 7 tulikula doro wat yetu, mchuzi wa kuku wa Kiethiopia, Nairobi, na jioni nikapiga simu. Mama alipokea akiwa anatafuna.

Mambo yalikuwa hivi. Huko Ethiopia Mkristo hali nyama iliyochinjwa na Mwislamu, wala Mwislamu iliyochinjwa na Mkristo, na mama mkwe alikuwa ameona siku ya Krismasi ni nani aliyeshika kisu. Alimwonyesha baba kwa ishara: mzee jirani, kisu, mkono wa hapana. Desturi hiyo kwetu haipo. Mimi ningekuwepo ningeanza mhadhara, na mume wangu angenisaidia kuuharibu. Baba alichukua jogoo, akamchinja mwenyewe, akampa mkwe. Kisha akamwita mzee jirani, akachinja yule mbuzi wa pili kwa ajili yake na majirani wengine. Mama mkwe alimkata jogoo vipande kumi na viwili kwa kufuata utaratibu wa kwao, akapika na berbere hadi mama akatokwa machozi, na injera kavu zilipokwisha wakamalizia mchuzi kwa ndizi za kuchemsha. Mzee jirani alikuja na mkewe, wakakaa meza moja, kila mtu na sahani yake.

"Na nani alikuwa anawatafsiria?" niliuliza.

"Kutafsiri nini?" alisema mama. "Subiri, baba yako anataka simu."

Baba alitaka kujua Meskel ni tarehe ngapi hasa, kwa kuwa mkwe alikuwa ameweka alama kwenye kalenda ya ukutani, siku ya 27 Septemba, na alikuwa amewaonyesha kwa vidole kwamba wanatakiwa wote wawili. Nikamwambia ndiyo, ni hiyo. Akauliza pasipoti inachukua muda gani. Alikuwa amepita miaka sabini na hajawahi kumiliki moja. Nikamweleza aende uhamiaji Moshi, kwanza aulize kama wanahitaji kadi ya homa ya manjano, na abebe cheti cha kuzaliwa.

"Cheti cha kuzaliwa sina," alisema. "Nina cha ubatizo. Kesho naanza nacho hicho, wakinikatalia nitakupigia."